Mto Uliokuwa Unakunywa Kwanza

Mzee aliyekuwa akitembeza wageni katika bonde letu aliogopa mto kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nasema hivi mwanzo kabisa kwa sababu siku hizi akitajwa sokoni Mukuyuni watu wanasema alikuwa na kiburi, ati aliingiza watu majini kama mbuzi. Si kweli. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba sufuria, nilimwona. Alikuwa akifika ukingoni, mto mkavu, jua linachoma, hakuna hata tone, na ule mkono ulioshika fimbo unaanza kutetemeka.

Jina lake sitaliandika. Watoto wake wamesumbuliwa vya kutosha. Majina nitakayoandika ni ya wale wengine, na hayo nitayaandika wazi, kwa sababu kile ambacho ningekiogopea kilishachukuliwa. Mdogo wangu Ndinda alikufa katika mto ule, yeye pamoja na mama mmoja mgeni, na watu wote wakasema aliyewaua ni mzee wa kutembeza wageni. Yeye mwenyewe hakubisha. Mimi ndiye ninayebisha. Shule niliacha darasa la nne, lakini kubisha hakuhitaji cheti.

Kazi yake ilikuwa hivi. Wageni walikuja kwa basi: vikundi vya kanisa kutoka upande wa Murang'a, wanafunzi, na wakati mwingine watu wetu wenyewe waliohamia Nairobi, wanaoleta watoto wao kuona mahali babu zao walikolia njaa. Aliwapokea juu barabarani akiwa amevaa koti hata kukiwa na joto la kuivisha yai, akawateremsha kwa miguu. Kwanza aliwaonyesha matuta ya shamba ambayo wazee wetu walichimbishwa kwa nguvu na mkoloni. Kisha jiwe kubwa lenye mashimo ya kuchezea bao. Kisha ithembo, ule msitu mdogo ambapo watu wa zamani waliombea mvua. Halafu wanavuka mto mpaka ng'ambo, kwenye bwawa la mchanga, ukuta wa kuzuia mchanga ili ushike maji, lililojengwa na akina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, na kwenye njia ya kale ya Wakamba waliobeba mizigo mpaka pwani. Ng'ambo ndiko walikokula. Basi lao lilikuwa likizunguka mbali kwa daraja na kuwangojea huko.

Mimi nilipika muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe. Ndinda aliimba. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe, na mdomo usiomwogopa mtu.

Mzee alikuwa shemasi kanisani kwetu, wa wale wanaokunja uso ukipiga ngoma kwa nguvu. Lakini akifika ithembo alivua kofia. Kila mara. Siku moja mgeni akamuuliza, "Shemasi, kwani wewe unavulia miti kofia?"

"Nani amevulia miti? Nywele zinaniwasha."

Ndinda akadakia huko nyuma, "Nywele zipi, Mzee? Hiyo si ni kipara?"

Wageni wakacheka mpaka wakashika magoti. Mzee akamtazama. "Ndinda, huo mdomo utakukosesha mume."

"Ulishanikosesha, Mzee. Sasa nautumia kula tu."

Akarudisha kofia kichwani, na nilimwona akiificha sura asicheke. Nilimuuliza baadaye, tukiwa wawili, kama anaamini mambo ya pale. Akasema Mungu ni mmoja na anaishi kanisani. Kisha akasema, "Lakini mtu ukipita kwa nyumba ya jirani yako wa zamani, hata kama alihama, si unabisha hodi?"

Kwa maji alikuwa mchoyo sana. Kila mgeni alipewa kikombe kimoja pale juu na kimoja ng'ambo, yeye akinywa wa mwisho. Mchungaji mmoja alimwaga kikombe chake akinawa mikono. Mzee hakumsemesha tena mpaka basi likaondoka. Hata salamu ya kuagana alimpa dereva.

Na mtu akidharau nchi yetu aliona moto. Kulikuwa na bwana mmoja mnene kutoka Nairobi, aliufikia mto akasimama katikati ya mchanga akasema, "Aki nyinyi watu, mnaishije mahali hapa? Hata mto wenu umekufa."

Mzee akamwambia apige magoti. Yule bwana akafikiri ni maombi, akapiga. "Sasa chimba." Akachimba kwa mikono, suruali yake nzuri, jasho linamtoka. Mchanga ukawa na unyevu, halafu ukawa mweusi, halafu maji yakaanza kujaa shimoni polepole, safi. "Kunywa," Mzee akasema. "Mto wetu unaficha maji kama mama anavyoficha unga wageni wasione." Yule bwana akanywa. Alirudi mwaka uliofuata na watoto wake, akawapigisha magoti mahali pale pale.

Alijua vitu vingi, na kujua ndiko kulikokuwa ugonjwa wake. Ukimwambia amechelewa, sawa. Ukimwambia koti lake limechanika, sawa. Lakini usimwambie amekosea jambo la bonde lile. Mwanafunzi mmoja alimwambia mashimo ya lile jiwe si ya bao, ni ya kusagia. Mtoto tu, akauliza vizuri. Mzee alizunguka vijiji juma zima, akarudi kwenye shule yao na wazee watatu, mmoja amebebwa kwa baiskeli, waseme mbele ya darasa kwamba walichezea bao pale. Niliambiwa mwalimu aliwapa chai na hakujua acheke au apige makofi. Maneno ya bonde alipewa na baba yake, na babake alipewa na babake, na yeye aliyabeba kama mtu aliyebeba mayai kwenye kilima.

Neno kubwa kuliko yote lilikuwa la mto. Mto wetu si kama mito ya watu wengine. Mwaka mzima ni mchanga tu. Mvua hainyeshi kwetu ndiyo uje, inanyesha kule juu, vilima vya Mbooni, na sisi hapa tuko na jua. Kwa hiyo mtu anaweza kufa maji huku anatoka jasho. Wazee walijua jinsi ya kuhesabu. Walisema: mto unakunywa kwanza ndio utembee. Maana yake, mvua ikinyesha juu, yale maji ya kwanza yanaingia mchangani, mchanga unakunywa, unakunywa, mpaka ushibe. Ndipo maji yanaanza kutembea juu yake, ulimi wa povu mbele, polepole, hata mtoto anaweza kuukimbia. Kutoka mvua ya Mbooni mpaka maji ya kwetu, Mzee alisema, ni muda wa kupika muthokoi na kuila na kuosha sufuria. Na hiyo muthokoi si chai, inachukua nusu siku. Mimi mwenyewe niliona hivyo tangu nikiwa msichana. Ilikuwa kweli.

Hata hivyo aliogopa. Simu yake aliifunga kwa karatasi ya plastiki, na hakuna mtu aliyekanyaga mchanga kabla hajampigia Mama Mueni, anayeuza nyanya Mbumbuni. Kutoka kibanda chake Mama Mueni anaona vilima vyote.

"Mama Mueni, Mbooni inaonekana?"

"Inaonekana kama jana, Mzee. Nunua nyanya."

"Mawingu je?"

"Kuna moja dogo, limepotea njia. Nunua nyanya."

Akikata simu bado alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya mchanga kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ndinda alimuuliza, "Mzee, si ujifunze tu kuogelea uache hii wasiwasi?"

"Nijifunzie wapi? Kwa ndoo?"

Sasa nafika kwa majina.

Kithome alikuwa na malori. Mwanzoni alikuja na moja, kisha mawili, kisha tukaacha kuyaangalia. Nairobi walikuwa wakijenga, na Nairobi haina mchanga. Nzioka, ambaye shamba lake linashuka mpaka ukingoni, alikata ua wake ili malori yapite. Musembi ndiye aliyeshika mambo ya serikali pale kwetu wakati huo. Alipita akaona alama za magurudumu, akasema kwenye baraza kwamba ni nyayo za ng'ombe. Ndinda akasimama. "Ng'ombe huyo ni wa nani, anayekanyaga kwa tairi?" Watu wakacheka, Musembi akamwambia akae chini, mwanamke asiye na mume hana habari ya mto. Waliopakia mchanga kwa koleo ni vijana wetu. Hao siwataji. Njaa iliwataja kabla yangu.

Na Kithome alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa jipya lilipojengwa, yeye ndiye aliyeleta mchanga, tukampigia vigelegele. Mimi pia nilipiga. Ule ukuta ninaouegemea Jumapili mguu ukiniuma ni mto wetu uliosimamishwa wima.

Mzee aliona. Alikwenda kwa Musembi kulalamika, akaambiwa, "Mzee, wewe shughulika na wageni wako, sisi tunashughulika na maendeleo." Aliona mawe yakitokea pale kivukoni, mawe makubwa meusi ambayo hata yeye hakuwahi kuyaona kwa sababu yalikuwa yamezikwa tangu zamani. Unajua alifanya nini? Aliyaingiza kwenye matembezi. "Haya," aliwaambia wageni, "hata babu yangu hakuyaona." Wakapiga picha. Alihuzunika kwa ajili ya mchanga kama mtu anavyohuzunika ng'ombe wake wakiibwa. Lakini lile neno la baba yake hakuligusa. Macho yake yaliona mchanga umekwisha, na kichwani mwake mto ulibaki ule ule, una kiu, unakunywa kwanza.

Hata mimi sikufikiria. Hakuna mtu aliyefikiria. Mto ukiwa mwamba mtupu utakunywa na nini?

Siku ile ilikuwa msimu wa mvua ya Novemba, lakini kwetu ilikuwa haijagusa. Wageni walikuwa akina mama wa kanisa kutoka Murang'a, wazee kidogo, wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja, watu wa furaha sana. Tulifika ukingoni kabla ya saa sita. Mzee akapiga simu, na kwa mara ya kwanza nilisikia Mama Mueni hauzi nyanya.

"Mzee, Mbooni imefunika. Imenyesha huko saa nzima sasa. Naingiza vitu ndani."

Mzee akasimama. Akatazama juu, hakuna wingu kwetu. Akapima mchanga, au kile kilichobaki cha mchanga. Naandika hili wazi kwa sababu ndilo lililomhukumu: alijua mvua imenyesha. Na alifanya kile ambacho mtu mwangalifu wa kwetu angefanya, na baba yake angefanya, na mimi ningefanya. Aliona kwamba tukingoja upande huu, mto utakuja na kutuzuia mpaka kesho na wale akina mama hawana pa kulala, basi lao liko ng'ambo, na daraja ni mbali kwa miguu yao. Tukivuka sasa hivi, muda upo mwingi, hata wa kubaki. Akasema, "Tuvuke sasa, upesi, bila picha. Mto unakunywa kwanza."

Akatangulia. Akina mama wakamfuata juu ya yale mawe meusi, wanateleza, wanashikana, wanacheka. Ndinda alikuwa karibu na mwisho, amemshika mkono mama mmoja mwenye magoti mabaya, anamwimbia ili asiogope. Mimi wa mwisho kabisa na sufuria.

Nikasikia ngurumo. Nikafikiri ni lori la Kithome. Naapa mbele ya Mungu, hilo ndilo nililofikiria, nikageuza kichwa kulitukana.

Yale maji hayakuwa na ulimi. Hayakutembea. Yalikuja yamesimama, yamebeba magogo, juu ya ule mwamba kama yanapita kwenye barabara ya lami. Sikumbuki nikianguka. Nakumbuka mguu wangu ukibanwa kati ya mawe mawili na maji yakiniinamisha, na leso yangu ikivutwa kutoka mbele. Aliyeivuta ni Mzee. Alikuwa ameshafika ng'ambo, alikuwa mkavu, hajui kuogelea hata kwa ndoo, na aliingia tena mpaka kifuani, fimbo mkono mmoja na leso yangu mkono mwingine, akipiga kelele, "Ndinda! Mwachilie! Ndinda, mwachilie mama!"

Ndinda hakumwachilia. Walipatikana pamoja jioni, chini kidogo, ndani ya shimo la malori, lile ambalo Kithome alichimba mbele ya shamba la Nzioka. Mto ulikuwa umelijaza.

Mguu wangu ulipona vibaya, mnaoniona nikitembea mnajua. Kwenye baraza Musembi aliuliza, "Nani alisema watu wavuke?"

"Ni mimi," Mzee akasema.

"Ulikuwa umeambiwa mvua imenyesha?"

"Niliambiwa."

"Basi." Na ikawa basi. Niliposimama kwa magongo kusema habari ya mchanga, Kithome akaniambia kwa upole sana, "Dada, uchungu unakusumbua, tunakuombea." Jeneza la mdogo wangu lilibebwa na lori lake. Yeye ndiye aliyeomba kaburini. Mzee aliondolewa ushemasi, na watoto wakawa wakimwona wanaimba wimbo mbaya njiani, mpaka akahama, akavuka upande wa Kitui, Kabati, kwa binti yake.

Miaka ilipita. Nilimchukia kidogo kwa kunyamaza kwake, sitaficha. Nilifikiri, kwa nini hajitetei, anatuachia aibu sisi tunaomtetea?

Mwaka jana wakarudisha matembezi. Kamati ikaundwa, na mwenyekiti, nani tena, Kithome. Wakaweka kibao pale kivukoni, kimepakwa rangi vizuri: MTO UNAKUNYWA KWANZA. Ati maneno ya hekima ya wazee wetu. Mtembezaji mpya ni kijana anaitwa Muli, kijana mzuri, mwenye adabu, aliyekuwa akitembea nyuma ya Mzee tangu shule akikariri kila neno. Watalii wa kwanza wangekuwa watoto wa shule, Jumamosi. Na ilikuwa Novemba tena.

Nilimfuata Muli nyumbani. Nikamwambia mto hauna mchanga, usivushe watoto, piteni darajani.

"Mama, usiogope," akaniambia. "Mimi nampigia Mama Mueni kama Mzee alivyofanya. Kosa lilikuwa la Mzee, alizubaa. Kanuni yenyewe ni nzuri. Akisema kunanyesha, nitavuka mbio."

Ndipo nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kuelewa. Kwa kumlaumu Mzee walikuwa wameuosha mto. Kama aliyeua ni mzee, basi mto ni mzima, vukeni.

Nikaenda Kabati.

Nilimkuta dukani kwa binti yake, anapimia mteja maharagwe kwa kopo la gorogoro. Koti ni lile lile. Aliniona mguu kabla ya uso.

"Mwaitu," akasema, kama alivyomwita kila mwanamke kwa heshima. "Umekuja."

"Nimekuja kukuchukua, Mzee. Uje useme."

"Nilisema. Mbele ya kila mtu, nilisema ni mimi. Wanataka niseme mara ngapi?"

"Ulisema umeua. Sitaki hilo. Nataka useme ulikosea."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, na wewe unajua." Nikamweleza habari ya Muli, kibao, watoto, Jumamosi. Mteja alikuwa bado amesimama na mfuko wake wazi, anatutazama kama sinema.

Mzee akaendelea kupima. Gorogoro ilikuwa imejaa na bado anamimina, maharagwe yanaanguka kaunta. "Neno hilo ni la baba yangu. Alivuka nalo maisha yake yote. Na babake. Unataka nisimame mbele ya watoto niseme baba yangu alikuwa mjinga?"

"Baba yako alikuwa na mchanga, Mzee."

Akaweka gorogoro chini.

"Neno lilikuwa zuri," nikamwambia. "Kithome alilipakia kwa lori pamoja na mchanga. Wewe umebaki na kopo tupu, na sasa Muli anataka kuwanywesha watoto."

Alinikasirikia. Uso ule wa siku ya mwanafunzi na jiwe la bao, nikaona sasa atanifukuza. Nikaelewa pia kwa nini alikubali kuitwa muuaji haraka vile. Jina la muuaji aliweza kulibeba. Jina la mtu asiyejua mto wake, hilo hakuweza.

Akaokota maharagwe, moja moja, akayarudisha kwenye mfuko wa mteja. Kisha bila kunitazama: "Jumamosi wanafika ukingoni saa ngapi?"

Tulifika kabla yao. Siku ilikuwa wazi kama sahani. Watoto wakateremka na tisheti mpya, mwalimu wao mwanamke nyuma, Kithome mbele na kofia ya kamati. Muli alipomwona Mzee alikimbia akamshika mikono yote miwili. "Watoto, simameni! Huyu ndiye aliyenifundisha kila kitu!" Wakapiga makofi. Muli akampa simu kwa heshima. "Mzee, ongea wewe mwenyewe."

Mama Mueni alikuwa na sauti ya juu, sote tulisikia. "Mbooni iko wazi! Ni nani huyo? Mzee? Ni wewe? Nunua nyanya!"

"Basi tuko sawa," Kithome akasema. "Tuvuke."

Mzee akaingia akasimama kwenye jiwe la kwanza, akawageukia. Fimbo ilikuwa inatetemeka hadi inagonga mwamba, tuk tuk tuk. Sauti nayo ikatetemeka. "Watoto. Yale Muli amewaambia juu ya mto nilimfundisha mimi. Si kweli tena. Mto huu haunywi. Ulinyang'anywa mdomo. Kithome huyu alichukua mchanga, Nzioka akamfungulia ua, Musembi akafumba macho. Mimi niliona, na nikawavusha watu kwa kanuni ya mto ambao haupo. Mto niliokuwa naujua umekwenda Nairobi. Huu ni mto mwingine. Huu mimi siujui."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Mzee," Kithome akasema taratibu, "wewe ulishatuulia watu. Sasa umekuja kuharibu mkate wa vijana? Jua linawaka, hata Mbooni ni wazi, unaogopesha watoto na nini?"

Muli alikuwa ameinamisha kichwa. "Mzee, lakini ulisema..."

"Nilisema. Sasa nakwambia nilikosea. Muli, mwanangu, nilikosea."

Mwalimu alimtazama Kithome, akautazama mguu wangu, akatazama ile fimbo. Sijui ni kipi kati ya hivyo kilichomwamulia. "Pandeni juu," akawaambia watoto. "Tunazunguka na daraja." Wakalalamika kama mbuzi, wamechoka, wana njaa, ni mbali. Wakaenda. Muli akaenda mbele yao bila kutuaga. Kithome aliniambia kitu ambacho sitakiandika, akaondoka.

Mimi na Mzee tukakaa pale. Alisema anataka kuona. Tukangoja mpaka jua likageukia upande wa pili, macho kwenye mwamba. Naandika ukweli: nilikuwa naomba maji yaje. Mto uko mtupu, hakuna mtu wa kuumia, nikamwomba Mungu aulete umesimama vile vile, Kithome auone, kijiji kiuone, mzee huyu asiwe amejivua nguo bure. Maji hayakuja. Mjusi mmoja tu alipita, wa kichwa chekundu, akavuka mto wote bila haraka.

"Mzee," nikasema, "hata wewe huombi uje? Kesho sokoni watatucheka."

Akaniinulia mkono ninyamaze. Ng'ambo watoto walikuwa wamefika, tulisikia vijiko na sahani. Mmoja wao akapanda juu ya jiwe, hatukumwona, tulisikia sauti tu, akaitetemesha kama ya mzee wa miaka mia: "Huu ni mto mwingiiine! Huu mimi siujuiii!" Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akapanda, akaiga pia, na fimbo akagonga, tuk tuk tuk. Halafu wakawa wengi, kila mmoja anataka zamu yake, mwalimu anawagombeza nao hawasikii.

Nilimtazama nione kama ameumia. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo, ameelekeza sikio ng'ambo, anawasikiliza mmoja mmoja.

"Wanaiga vizuri," akasema.